Fomu ya Watu wa Kamba

Huku mtaani kwetu Umoja, ukimwambia mtu kwamba unakwea miamba kwa kupenda, atakutazama miguuni, kisha usoni, kisha atauliza kama umepata kazi ya kufunga nyaya za simu. Mama yangu, karani mstaafu wa baraza la jiji, mwanamke aliyetoka magharibi mwa nchi akiwa msichana na ambaye hajakosa ibada ya Jumapili isipokuwa alipokuwa wodini, aliwafupishia majirani jambo lote. "Huyu wangu amepata kanisa lingine," alisema. "La mawe." Alisema hivyo nikiwa nimesimama palepale mlangoni na kamba begani.

Hakuwa amekosea sana. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, sina mume, sina shamba, na darasani nina watoto hamsini na wawili wanaopiga kelele tangu asubuhi. Saa tatu zile za Jumapili juu ya ukuta wa jiwe ndizo pekee katika juma zima ambazo hakuna aliyekuwa akiniita. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu mambo nitakayosimulia hayana utetezi mwingine.

Tulikuwa wanane, wote wa mitaa ya Eastlands. Mwenyekiti wetu alikuwa fundi wa vioo, mmoja wa wale wanaoning'inia kwenye majumba marefu ya mjini wakifunga madirisha, na ndiye aliyetufundisha mafundo na namna ya kumshikia mwenzako kamba bila kumuua. Vifaa tulivikusanya polepole. Viatu vyangu nilivitoa soko la mitumba la Gikomba, ndani ya belo la viatu vya watoto. Muuzaji alishindwa kabisa kuelewa ni vya nini, vimebana hivyo na soli ya mpira mpaka kisiginoni, akaniuzia kwa bei ya malapa huku akinionea huruma.

Ukuta wenyewe ulikuwa ndani ya kwari, yaani machimbo ya mawe, ng'ambo ya Kayole ukielekea Njiru. Kwari ilikuwa mali ya kampuni ambayo sitaitaja. Upande mmoja ulikuwa umeachwa, kwa kuwa jiwe lake lilikuwa gumu mno na lilikataa kukatika mraba. Jiwe lisilofaa kujengea nyumba ndilo zuri kukwea. Upande wa pili, hatua kama mia mbili hivi kutoka kwetu, watu walikuwa kazini mwaka mzima, Jumapili ikiwemo, kwa sababu walilipwa kwa kila jiwe lililochongwa na si kwa siku. Kila wakati wa kuangusha pande kubwa, nyapara aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa, nasi tulishuka haraka na kukaa chini hadi vumbi litue. Ndivyo tulivyoishi pamoja. Wao walituita watu wa kamba.

Mmoja wao alikuwa mzee wa Ukambani, mchonga mawe wa miaka mingi, mfupi, mwenye mikono mipana kuliko uso wake. Mwezi wa kwanza alikuja akasimama chini yangu na nyundo mkononi, akanitazama nikihangaika mahali pamoja kwa karibu robo saa.

"Mwalimu," aliniita, kwa maana alikwisha kuulizia kazi yangu, "huko juu mtu ameacha kitu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi shuka. Kama hakuna kitu, shuka unywe chai."

Nilishuka, tukanywa chai kwenye kibanda cha karibu na lango, na kuanzia siku hiyo akawa mwalimu wangu. Alinifundisha kugonga jiwe kwa kiganja kabla ya kuliamini. Lililo zima hujibu kwa sauti kavu, na lililooza ndani hujibu kama kabati tupu. "Hii imeoza," angesema, akigusa mahali ambapo mimi niliona uzima mtupu. "Wewe unaangalia na macho. Jiwe haiangaliwi na macho." Mara mbili alituondoa kwenye njia tulizokuwa tukizikwea, na mara zote mbili mvua ilipokuja, jiwe alilolisema lilianguka. Mimi kuwa na miguu miwili ni kwa sababu yake. Sisemi hivyo ili kupamba simulizi.

Kisha akaja meneja mpya. Huyu alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu nyingi na viatu visivyo na vumbi. Jumapili yake ya kwanza tulikuta lango limefungwa kwa mnyororo, na soja wa lango, aliyekuwa akitupungia mkono miaka yote, akatuambia kupitia nondo kwamba ameambiwa hatuna ruhusa. Tukarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Tulisimama nje tukisikia nyundo za wachonga mawe ndani. Nitasema ukweli kwamba nililia. Nilipanda jumba letu kwa ngazi, nikajifungia chumbani na kulia kama mtu aliyefiwa, na mama akaja mlangoni akauliza ni nani amekufa.

Meneja alitukubalia kikao, mwenyekiti na mimi. Alisema hana ubaya na mchezo wetu. Hofu yake ni kesi. Mmoja wetu akianguka, nani atalipa? Kampuni ilikuwa na karatasi ya mawakili, kurasa nne za Kiingereza, lakini hakuitaka. Alitaka kitu kifupi cha Kiswahili ambacho hata mtu aliyeishia darasa la tatu angekielewa. "Nisije nikaambiwa hawakuelewa," alisema.

Mwenyekiti alinigeukia kwa furaha. "Si tuko na Tichee hapa? Hii Kiswahili yake ni ya gazeti."

Hapo nilipaswa kusita kidogo. Mtu mwenye akili angejiuliza ni nani hasa watakaoambiwa hawakuelewa, kwa sababu sisi wanane sote tulikuwa tumemaliza sekondari. Mimi sikujiuliza. Kichwa kilinivimba. Niliiandika fomu ile Jumamosi nzima kwenye meza ya kulia chakula, nikifuta na kuandika upya, nikikata sentensi ndefu kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu. Ilitoka hivi:

Ninaingia kwa hiari yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Ninajua kwamba mawe huanguka bila taarifa. Nimekagua vifaa vyangu mwenyewe. Nikiumia, sitamdai mwenye ardhi wala watu wake. Watu wa nyumbani kwangu wanajua niko wapi, na hawatadai kwa niaba yangu.

Sentensi ile ya mwisho hakuna aliyeniomba. Niliiongeza mwenyewe kwa sababu niliona fomu imeishia hewani, na pia kwa sababu nilimfikiria mama yangu akienda kupigana na meneja. Nilitaka iwe kamili. Nilipoisoma kwa sauti kwenye kikao cha klabu walinipigia makofi, na wiki iliyofuata lango lilifunguliwa, nasi tukawa tunaitia sahihi langoni kila Jumapili.

Lazima nieleze namna watu wa mchezo huu wanavyofikiri, la sivyo mtadhani nilikuwa mpumbavu tu. Kwetu, jambo la kwanza na la mwisho ni kwamba umejileta mwenyewe. Unajifunga fundo lako mwenyewe na kulikagua mwenyewe, na ukianguka hulaumu jiwe. Mtu anayelaumu jiwe hatumtaki klabuni. Tunaliona hilo kama heshima. Kwa hiyo nilipoandika "kwa hiari yangu" sikuona kama ninatoa kitu. Niliona kama ninajisifu.

Miezi miwili baadaye tulifika mapema kuliko kawaida, tukakuta foleni langoni. Wachonga mawe walikuwa wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, na kwenye meza ya soja kulikuwa na rundo la karatasi na kidau cha wino. Walikuwa wanatia sahihi, na wasiojua kuandika walikuwa wanaweka kidole gumba. Nilisogea nikaangalia. Ilikuwa fomu yangu. Hawakubadilisha hata nukta.

Nitawaambia nilichohisi, ingawa najua kitanivunjia heshima. Nilihisi fahari. Nilimnong'oneza mwenyekiti kwamba maneno yetu sasa yanatumika kwari nzima. Nikafikiri, vizuri, na wao sasa wamekumbushwa kwamba mawe huanguka. Mimi, niliyemwona yule mzee akila muhogo mmoja kutwa ili abaki na nauli, niliona neno "hiari" chini ya kidole chake cha wino na nisiguswe na kitu. Aliponiona aliinua kile kidole cheusi akanicheka. "Leo tumekuwa watu wa kamba kama nyinyi," alisema. Nami nikacheka.

Aliumia siku ya katikati ya juma, mimi nikiwa darasani nikifundisha barua rasmi. Tulipofika Jumapili sikuona nyundo yake wala yeye, na mama wa kibanda cha chai ndiye aliyetueleza. Pande lilikuwa limetoka juu bila mtu kuligusa. Reli haikugongwa kwa sababu hakuna aliyekusudia kuangusha kitu. Walipomtoa, mguu wa kulia ulikuwa haufai kitu kuanzia chini ya goti, na hospitalini waliukata. Kampuni ilitoa pikapu ya kumpeleka. Baada ya hapo ilitoa ile karatasi.

Tulikwea siku hiyo. Mmoja wetu aliomba, tukachanga kidogo cha kupeleka hospitalini, kisha tukavaa mikanda na kukwea.

Baada ya kama mwezi, mke wa mzee alinisubiri langoni. Tulijuana kwa sura, maana alikuwa akimletea mumewe chakula. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nyingi.

"Mwalimu, nimetumwa na Mzee," alisema. "Pole kwa kukuvizia hivi."

"Pole ni zenu, Mama. Anaendeleaje?"

"Amekaa tu. Lakini kuna hii maneno." Alinieleza polepole, kama mtu aliyekariri asikosee. Kampuni ilisema mumewe si mwajiriwa wake, ni mtu aliyeingia kwa hiari, na ana karatasi. Ilikuwa tayari kumpa kifuta machozi kidogo kama angekubali kwamba mambo yameisha. Walikuwa wamekwenda kwa afisa wa kazi, na afisa akawaambia kwamba ile fomu haifanani na fomu ya wafanyakazi, inafanana na ya watu wa michezo. Je, kuna mtu anayeweza kuandika barua ya kuthibitisha hivyo? Pande zote mbili zingesikilizwa Jumanne ya wiki mbili zijazo. "Mzee akasema, Mwalimu anajua. Akasema, mwambie Mwalimu atuandikie kwamba ile karatasi ilikuwa ya watu wa kamba."

Hakujua kwamba niliiandika mimi. Niliona usoni mwake kwamba hajui. Nikamwambia, "Nitaongea na wenzangu, Mama," nikijua kwamba barua ile haikuhitaji wenzangu. Ilihitaji kalamu na nusu saa.

Klabu ilikutana Ijumaa nyumbani kwa mwenyekiti. Niliwaeleza yote. Mwenyekiti alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akizungusha pete ya chuma ya kamba kidoleni.

"Wasee, tusijifanye," alisema hatimaye. "Si ati hatumjali huyo mzee. Mimi mwenyewe huyo mzee aliniokoa. Lakini meneja akiona hiyo barua, ataitupa hiyo fomu, na bila fomu hakuna geti. Hiyo ukuta ndio tuko nayo. Hakuna ingine."

"Amekatwa mguu," nilisema.

"Najua. Na tukifungiwa, mguu itarudi?"

Mmoja wa vijana alisema sisi si mawakili, tuwaachie wanaojua sheria. Mwingine alisema tuchange tena, safari hii tuchange vizuri. Hilo la kuchanga lilimpendeza kila mtu. Nawaelewa. Kuchanga kunakupa kitu cha kufanya na mikono. Mwenyekiti akauliza ni nani anayetaka tuandike barua. Mikono miwili ilipanda. Akauliza ni nani anayetaka tusijiingize. Niliinua mkono wangu pamoja na wengine watano.

Siku zilizofuata nilijidanganya kila namna. Nilijiambia nitaiandika kwa jina langu binafsi. Nilianza mara tatu na nikaacha mara tatu, mimi ninayewafokea watoto kwa kuchelewesha insha. Nilijiambia afisa mzuri hahitaji barua, ataona mwenyewe. Nilijiambia nimesahihisha madaftari mengi, nimechoka. Jumapili ya kati nilikwenda kukwea na nikakwea vizuri sana, kitu ambacho hadi leo kinanitia kinyaa. Jumanne ikafika, ikapita. Niliipitisha nikisimamia mtihani.

Jumamosi nilikwenda Dandora kuwaona. Nilinunua sukari, unga na majani ya chai, kama mtu anayekwenda matangani. Walikuwa na chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi na viwili. Mzee alikuwa kitandani ameegemea ukuta, suruali yake imekunjwa na kubanwa kwa pini mahali mguu ulipoishia. Alifurahi kuniona. Alinikaribisha kwenye kiti pekee na kumwambia mkewe aweke chai.

"Sikuleta ile barua," nilisema kabla sijakaa vizuri.

"Tuliona," alisema. "Tulikaa pale mpaka saa sita. Afisa akauliza, huyo mtu wenu amefika? Nikasema labda ana mtihani ya watoto." Hakusema kwa kejeli. Ndivyo alivyokuwa ananitetea. "Basi nikaweka kidole. Wametoa hicho kidogo. Imeisha."

Mkewe alikuwa ameinama juu ya jiko la mafuta. Aliinuka, akatumiminia chai, kisha akatoa kwenye bahasha nakala ya fomu na kunipa. "Mwalimu, wewe una macho mazuri. Hii karatasi kila mtu anaisoma akiruka. Nisomee yote nisikie imesema nini. Nimechoka kuambiwa imesema hivi, imesema vile."

Niliisoma. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya darasani, kwa kuwa sina nyingine ya kusomea. Nilisoma hiari, nikasoma mawe, nikasoma vifaa. Nilipofika kwenye watu wa nyumbani kwangu wanajua niko wapi, aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Kumbe niko ndani," alisema. "Aliyeandika hii alinifikiria mpaka mimi. Anasema nilijua." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mimi nilijua gani? Nilijua ameenda kazi."

Niliikunja ile karatasi magotini. Nilisema, "Ni mimi, Mama. Niliiandika mimi. Iwe ya sisi wa kamba tu, lakini niliiandika mimi, hata hiyo ya mwisho. Hiyo ya mwisho hakuna aliyenituma."

Aliniangalia. Sikuona hasira. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu uliyekuwa unaongea naye kwa muda kabla ya kugundua kwamba humfahamu. Kisha akamgeukia mumewe, ambaye hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua," mzee alisema. "Tulijua wote. Ile siku ya wino kuna wenye walikataa. Mimi pia nilikataa. Nikasema karatasi ya kampuni siweki kidole, nimeona nyingi. Nyapara akasema, hii si ya kampuni, hii imeandikwa na Mwalimu wa Jumapili, hata watu wa kamba wanaiweka. Nikauliza, Mwalimu mwenyewe? Akasema ndio." Alinyoosha mkono, akachukua kikombe chake. "Basi nikawaambia wenzangu, kama ni Mwalimu, hawezi kutuandikia kitu mbaya. Tukaweka."

Hakusema ili aniumize. Alisema kama anavyosema jiwe hili ni zima, jiwe hili limeoza. Nilikaa mpaka chai ikaisha, kwa sababu kuondoka kabla ya chai kuisha kungekuwa ukosefu wa adabu, na adabu ndiyo pekee niliyokuwa nimebaki nayo ya kushikilia. Mkewe hakunisindikiza. Aliosha vikombe.

Usiku sikuwa na la kufanya ila kulala, na nililala. Jumatatu, saa ya mapumziko, niliandika barua. Ilichukua dakika ishirini na tano. Nilisema kwamba fomu niliitunga mimi, kwa ajili ya watu wanane wanaocheza, na kwamba kumpa mtu anayetafuta unga aitie sahihi ni uongo. Nakala moja nilimpelekea afisa wa kazi. Aliisoma akiwa amesimama, akaniambia ni barua nzuri sana, akauliza kwa nini haikuja Jumanne ile, akaitia kwenye faili lililokwisha fungwa.

Nakala ya pili niliipeleka kwa meneja mwenyewe. Nilijitia ushujaa njia nzima. Nilijiona tayari nimefungiwa lango, nimefukuzwa klabuni, nimeadhibiwa, na nilikuwa naitaka adhabu ile kwa hamu, kwa maana baada yake ningeweza kulala bila kujificha. Meneja alinipa kiti na maji. Aliisoma barua yote bila kuharakisha, kisha akaikunja vizuri.

"Nimeisoma, Mwalimu. Nashukuru kwa ukweli wako."

"Kwa hiyo mtatufungia?"

Alionekana kushangaa kwa dhati. "Niwafungie kwa nini? Nyinyi njooni tu. Njooni hata Jumamosi mkitaka." Alifungua droo na kuonyesha kitabu cha lango, kurasa na kurasa za sahihi zetu za Jumapili zikiwa zimechanganyika na vidole gumba vya wachonga mawe. "Watu waliosoma, watu wa benki, mwalimu, wote wanatia sahihi fomu ileile kila wiki na hakuna anayelalamika. Mtu akija hapa kusema hii fomu ni ya uonevu, namwonyesha nyinyi. Mnanisaidia sana. Msingekuja, ningewaomba mje."

Nilitoka nikapita chini ya ukuta wetu. Hakukuwa na mtu. Upande wa pili walikuwa wakigonga kama kawaida. Nilisimama pale nikajaribu kuuchukia ule ukuta, na nilishindwa. Ulikuwa mzuri vilevile.

Ijumaa niliwaeleza wenzangu kila kitu. Niliwaeleza kuhusu mzee na kwa nini aliweka kidole, kuhusu mkewe, kuhusu barua niliyoiandika bila idhini yao. Niliwaeleza neno kwa neno alichosema meneja: kwamba hatukuwa na chochote cha kupoteza tangu mwanzo, kwamba lango halingefungwa, kwamba sisi ndio tunaoipa fomu ile nguvu kila tunapotia sahihi. Walinisikiliza wote. Hakuna aliyenikemea kwa barua. Mmoja aliguna akasema huyo meneja ni mtu mbaya sana, na wengine wakakubali kwamba ni mbaya sana.

Mwenyekiti alikohoa. Aliuliza, bila kumwangalia mtu, kama Jumapili tukutane saa moja au saa mbili.

Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema saa moja, kabla jua halijawa kali.